Mshika Mbili Moja Humponyoka: Mlinzi wa Mtandao Apewe Seva Yake

Leo nimekuja na ugomvi. Si ule ugomvi wa kila siku wa Windows na Linux, huo tumeuzoea. Leo nagombana na sentensi moja fupi ambayo nimeisikia katika ofisi nyingi hapa Kenya, kutoka kwa wakubwa na kutoka kwa mafundi vilevile: "Si tuna seva tayari? Weka hapo hapo."

Hapo hapo ni wapi? Ni kwenye ile mashine iliyo katika chumba kidogo kando ya stoo, feni inavuma mchana na usiku, na karatasi ya "USIZIME" imebandikwa mbele. Ndani yake mna programu ya uhasibu, mishahara, faili za kila idara, foleni ya printa, na siku hizi hata picha za kamera za usalama. Sasa shirika limeamua, mara nyingi baada ya kusukumwa na wakaguzi, kuweka programu ya kudhibiti vifaa vinavyoingia kwenye mtandao wake. Na mkubwa anasema iwekwe hapo hapo.

Mimi nasema hapana. Programu ya aina hii ipewe seva yake, isiyofanya kazi nyingine yoyote. Na shirika lisilotaka kutoa seva hiyo, ni heri lisiiweke kabisa kuliko kuiweka juu ya mishahara ya watu. Najua hayo ni maneno makali. Nipe dakika kumi nikuonyeshe yanatoka wapi.

Programu hii inafanya nini hasa?

Tuanze na wale ambao hawajakutana nayo. Mafundi huiita NAC. Katika ofisi isiyo nayo, mtu yeyote akichomeka kebo kwenye tundu la ukutani, anapewa anwani ya mtandao na anaingia. Haulizwi jina. Anaweza kuwa karani, mgeni aliyekuja kuona meneja, au kijana aliyekuja kurekebisha mashine ya kahawa.

Ofisi ikiwa na programu hii, swichi ya mtandao haifungui njia hivi hivi. Kwanza inaiuliza seva: "Kuna mtu hapa poti ya 14, nimruhusu?" Mazungumzo hayo hufanywa kwa itifaki iitwayo RADIUS, ambayo maelezo yake yanayotumika sana, RFC 2865, yalitolewa mwaka 2000. Seva hujibu moja kati ya mambo matatu: mruhusu, mkatae, au mruhusu lakini mweke kwenye VLAN fulani. VLAN ni njia ya kugawa swichi moja iwe kama swichi kadhaa zisizoonana: wahasibu huku, wanafunzi kule, wageni pale.

Kifaa hujitambulisha kwa njia mbili. Ya kwanza, ambayo ndiyo imara, ni kiwango cha 802.1X, kilichotolewa na IEEE mwaka 2001. Hapo kompyuta huonyesha nenosiri au cheti cha kidijitali kabla hata ya kupewa anwani. Ya pili ni dhaifu: kutazama tu anwani ya MAC, ile namba ya kadi ya mtandao. Hutumika kwa printa, kamera na vifaa vingine visivyojua 802.1X. Nasema ni dhaifu kwa sababu anwani ya MAC inaweza kunakiliwa na mtu yeyote mwenye kipakatalishi na dakika mbili za kupoteza.

Katika makala hii mfano wangu utakuwa PacketFence, kwa sababu ni programu huria, haidai leseni, na ndiyo wengi wetu tunaweza kuipata bila kuomba bajeti. Ilianzia Harvard, ikalelewa kwa miaka mingi na kampuni ya Inverse ya Montreal, na mwaka 2021 Inverse ikanunuliwa na Akamai. Hoja zangu lakini haziishii kwake. Zinahusu kila programu ya jamii hii inayotoa ukurasa wa kuwapokea wageni.

Kikulacho ki nguoni mwako

Kuna wanaouliza, "Si tuna ukuta wa moto pale intaneti inapoingia? Wa nini tena?" Jibu lake ni la zamani. Agosti 2003 mnyoo wa Blaster ulizunguka dunia ukitumia kasoro ya Windows ambayo Microsoft ilikuwa imetoa dawa yake mwezi wa Julai. Ofisi nyingi zilikuwa na ukuta wa moto uliofunga njia hiyo vizuri kabisa. Haikusaidia. Mfanyakazi alikwenda na kipakatalishi nyumbani, kikaambukizwa huko, asubuhi akakirudisha ofisini na kukichomeka. Mnyoo ulipita getini ukiwa ndani ya mkoba, ukimwamkia askari. Vyuo vikuu viliona taabu kubwa zaidi, maana wanafunzi walifungua muhula wakija na mashine zao. Shida hiyo ndiyo iliyoipa nguvu jamii nzima ya programu hizi.

Ukitaka mfano wa karibuni, chukua maabara ya JPL ya NASA kule Marekani. Mwaka 2018 iligundulika kwamba mdukuzi alikuwa amekaa kwenye mtandao wao kwa karibu miezi kumi. Ripoti ya mkaguzi mkuu wa NASA iliyotoka Juni 2019 ilisema mojawapo ya njia zilizotumika ni Raspberry Pi iliyokuwa imechomekwa bila idhini, na kwamba faili 23 zenye jumla ya megabaiti 500 hivi zilichukuliwa. Raspberry Pi ni kikompyuta kinachotoshea kwenye kiganja. Hao ni watu wanaopeleka vyombo Mihiri, na hawakuwa na orodha kamili ya vifaa vilivyo kwenye mtandao wao wenyewe. Je, sacco yako inayo?

Kwa hiyo sibishani na umuhimu wa programu hii. Nabishana kuhusu pa kuiweka.

Hoja ya kwanza: mlinzi huongea na wageni

Hii ndiyo hoja kubwa, na ukisoma hii tu ukaacha zingine sitanung'unika.

Kifaa kisichojulikana kinapochomekwa, PacketFence haikifukuzi tu. Hukiweka kwenye VLAN ya usajili. Humo ndani, seva ya PacketFence yenyewe ndiyo inayokipa kifaa hicho anwani kwa DHCP. Ndiyo inayojibu maswali yake ya DNS, na kila jina kinaloliuliza hujibiwa kwa anwani ya seva hiyo hiyo. Ndiyo inayokifungulia ukurasa wa kujisajili. Hivyo kifaa kigeni kabisa, ambacho hujui kimetoka wapi wala kina nini tumboni, kinaruhusiwa kuongea na mashine moja tu katika ofisi yako nzima. Mashine hiyo ni seva ya NAC.

Sasa rudi kwa yule anayesema "weka hapo hapo." Anachosema bila kujua ni hiki: mashine ya kwanza ambayo mgeni atapewa nafasi ya kuigusa iwe ndiyo ile yenye mishahara. Tumechukua sanduku la pesa tukalifanya meza ya mapokezi! Kabla ya programu hii mdukuzi alilazimika kuitafuta seva yako. Baada yake, mtandao unampeleka mwenyewe mpaka mlangoni, na kumwambia "karibu, jaza fomu."

Ataniambia mtu kwamba ukurasa wa usajili ni salama, umeandikwa vizuri. Mimi naandika programu kwa riziki yangu. Hakuna ukurasa wa wavuti unaopokea maneno ya watu usiowafahamu ambao ningeapa juu yake. Ndiyo sababu tunauweka mbali na vitu vya thamani, ili siku utakapotobolewa, mwizi ajikute kwenye chumba kitupu chenye meza na kitabu cha wageni.

Hoja ya pili: poti ni zile zile

Hii ni ya mafundi. PacketFence inataka poti 53 kwa DNS, 67 kwa DHCP, 80 na 443 kwa ukurasa wa wageni, 1812 na 1813 kwa RADIUS, na 1443 kwa ukurasa wa msimamizi. Programu mbili haziwezi kushika poti moja kwenye anwani moja. Sasa itazame ile seva yako ya kila kitu. Programu ya uhasibu inatumia kivinjari, kwa hiyo imeshika 80 au 443. DHCP ya ofisi imeshika 67. Tayari mmegongana.

Tena PacketFence haiishi kama mpangaji mpole. Inaandika yenyewe kanuni za ukuta wa moto wa mashine. Inatengeneza mipangilio ya FreeRADIUS na huduma zake nyingine kutoka kwenye violezo vyake, kwa hiyo ukihariri faili kwa mkono leo, kesho huduma ikiwashwa upya mabadiliko yako yamefutwa. Hayo si makosa ya waandishi wake. Waliitengeneza wakijua kwamba nyumba ni yao. Mwenye kuiingiza kwenye nyumba ya watu wengine asishangae ikisogeza viti.

Na wengi hawafiki hata hapo, kwa sababu seva yao ni ya Windows na matoleo ya karibuni ya PacketFence hukaa juu ya Debian au Red Hat na jamaa zake.

Hoja ya tatu: saa mbili asubuhi

Kwa kawaida programu hii haina kazi nyingi. Lakini ina saa zake. Saa mbili asubuhi watu mia mbili wanawasha kompyuta kwa pamoja. Umeme ukipotea na kurudi, swichi zote zinaamka na kuuliza maswali kwa wakati mmoja. Kwa 802.1X yenye vyeti, kila kifaa kinahitaji kwenda na kurudi mara kadhaa kabla ya kukubaliwa. Swichi haisubiri milele. Sekunde chache zikipita bila jibu inarudia swali, ikikosa tena inahesabu kwamba seva imekufa.

Kuna chuo kimoja, jina nalihifadhi, ambacho niliwaandikia programu ya karo. Fundi wao aliambiwa aweke RADIUS juu ya seva hiyo hiyo ya karo. Ilikwenda vizuri wiki kadhaa. Ikafika siku ya mwisho ya kulipa karo, mhasibu akaagiza ripoti kubwa ya wadaiwa wote, na diski ikakaba koo. Majibu ya RADIUS yakachelewa. Swichi zikakata tamaa na kuanza kufungia watu nje, mmoja baada ya mwingine kadiri walivyotakiwa kujitambulisha upya. Miongoni mwa waliofungiwa ni mhasibu mwenyewe, mtu pekee aliyekuwa na uwezo wa kuisimamisha ile ripoti. Alitakiwa kuingia mtandaoni ili asimamishe kitu kilichokuwa kinamzuia kuingia mtandaoni! Wanafunzi walipanga foleni mpaka nje ya jengo, na mimi nikapigiwa simu nikiulizwa programu yangu imeharibika vipi.

Kilichonikera ni kilichofuata. Fundi, akiwa amezungukwa na wakubwa wanaofoka, alizima 802.1X kwenye swichi zote "kwa muda." Simlaumu, ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo. Lakini mwaka mzima ulipita na "kwa muda" haikuisha. Hilo ndilo huwa linatokea mlinzi akipewa kazi mbili. Siku zinapogongana, anayefukuzwa ni mlinzi, kwa sababu karo haiwezi kungoja na usalama siku zote unaonekana unaweza.

Hoja ya nne: seva isiyozimwa haipati dawa

Julai 2024 watafiti walitangaza kasoro iliyopewa jina Blast-RADIUS, namba yake CVE-2024-3596. Iko ndani ya itifaki yenyewe, kwa sababu RADIUS ilitegemea MD5, njia ya kuhakiki ujumbe ambayo udhaifu wake ulijulikana tangu 2004. Mtu aliyejipenyeza kati ya swichi na seva angeweza kugeuza "mkatae" kuwa "mruhusu." Wanaotumia EAP, yaani 802.1X kamili, hawakuathirika na shambulio hilo, lakini wanaotegemea anwani za MAC na nenosiri tupu walikuwa hatarini. Dawa ilikuwa kusasisha seva na swichi, na kulazimisha kila ujumbe ubebe muhuri wa uthibitisho.

Sasa niambie, nani atasasisha na kuwasha upya ile mashine yenye karatasi ya "USIZIME"? Mwezi wa mishahara haigusiki. Wiki ya ukaguzi haigusiki. Programu ya uhasibu ni ya zamani na aliyeiuza alionya kwamba mfumo wa uendeshaji usibadilishwe. Hivyo mlinzi wako anabaki na kufuli ambalo dunia nzima imekwisha soma jinsi ya kulifungua. Mlinzi akiwa na seva yake, unaizima Jumapili asubuhi, unasasisha, unajaribu, unakwenda zako kula chapati.

Hoja ya tano: nani ana funguo?

Seva ya NAC inajua mambo mengi. Inajua simu hii ni ya nani, iliingia saa ngapi, ilikuwa karibu na kifaa kipi cha Wi-Fi, ikaondoka lini. Ukiunganisha anwani ya MAC na jina la mtu, hiyo ni taarifa binafsi, na hapa kwetu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Taarifa hizo zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mtu, mwenye kuzitunza anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Adhabu inaweza kufika shilingi milioni 5, au kwa kampuni asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, ipi iliyo ndogo.

Kwenye seva ya kila kitu, nenosiri la msimamizi mkuu linajulikana na nani? Fundi wa ndani, fundi aliyeacha kazi mwaka juzi, kampuni ya programu ya uhasibu inayoingia kwa mbali kurekebisha mambo, na aliyefunga kamera. Wote hao wanaweza kusoma nani alikuwa wapi. Wanaweza pia kufanya jambo baya zaidi: kuongeza kifaa chao kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, kisha kufuta alama. Seva ya peke yake inakupa nafasi ya kusema funguo ni za watu wawili, hawa hapa kwa majina.

Wanaonipinga wanasema nini?

"Hatuna pesa." Hii naiheshimu, sisi sote tunaijua. Lakini tuhesabu kwa haki. Programu ni ya bure. Mashine inayotakiwa si ya ajabu: matoleo ya karibuni yanapendekeza RAM ya gigabaiti 16, diski mbili zinazoakisiana, na kadi mbili za mtandao. Seva kuukuu iliyotoka kwenye ofisi nyingine inafanya kazi hiyo bila jasho. Shirika linalonunua viti vipya vya ukumbi wa mikutano haliwezi kuniambia hilo ni mlima. Na kama kweli hakuna pesa kabisa, basi gawanya VLAN kwa mkono kwenye swichi, zima poti zisizotumika, na ungoje. Hiyo ni hatua ya maana na haimwongezei mwizi njia.

"Tutatumia mashine pepe." Hapa nakubali nusu. Mashine pepe inafaa ikiwa mwenyeji wake habebi pia mishahara, ikiwa imetengewa RAM na diski isiyonyang'anywa na jirani, ikiwa ina kadi yake halisi ya mtandao kwa upande wa wageni, na ikiwa mwenyeji mwenyewe hahitaji ruhusa ya NAC ili aamke. Ukitimiza hayo yote umeshatoa seva ya peke yake kwa jina lingine. Usipoyatimiza, umepaka rangi ukuta ule ule.

"Microsoft wenyewe wanashauri seva yao ya RADIUS ikae pamoja na seva ya watumiaji." Ni kweli, wanashauri hivyo kuhusu NPS, ili majibu yawe ya haraka. Lakini NPS huongea na swichi na vifaa vya Wi-Fi. Haitoi DHCP kwa wageni wala ukurasa wa kujisajili. Mguu wake hauko kwenye VLAN ya watu wasiojulikana. Rudi kwenye hoja yangu ya kwanza uone kwamba mfano huu hauigusi.

"Seva moja ikifa, ofisi nzima imekufa." Hii ndiyo hoja yao nzuri kuliko zote, na inanisaidia mimi. Ikiwa kufa kwake ni hatari hivyo, kwa nini uirundikie sababu nyingine za kufa? Wenye uwezo waweke kundi la seva, ambalo kwa PacketFence huanzia tatu. Wasio na uwezo watumie mpangilio ulio kwenye swichi nyingi za maana: seva isipojibu, vifaa viwekwe kwenye VLAN yenye mambo ya lazima tu. Na nakala za akiba zikae mahali ambapo mtandao hauzifikii. Kampuni ya meli ya Maersk ilijifunza hilo Juni 2017 iliposhambuliwa na NotPetya. Ilibidi waweke upya seva 4,000 na kompyuta 45,000, na nakala pekee nzima ya orodha ya watumiaji wao ilipatikana kwenye ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umepotea huko wakati wa shambulio. Sisi Waafrika tulicheka kidogo, lakini usipange usalama wako ukitegemea umeme ukatike kwa bahati njema.

"Sisi ni wadogo, nani atatutaka?" Mnyoo wa Blaster haukuuliza ukubwa wa kampuni. Anayetafuta mishahara ya kuelekeza kwingine anapendelea mahali ambapo fundi ni mmoja na yuko likizo.

Basi tuiweke vipi?

Sitaki nionekane mtu wa kelele tu. Huu hapa mpango ambao ningempa rafiki:

1. Andika orodha ya kila kifaa kilichopo, pamoja na printa, kamera na simu za mezani. JPL ilikwama hapa. Usiruke.
2. Hakikisha swichi zako zinajua 802.1X na VLAN. Zile za bei rahisi zisizoweza kupangwa hazitakusaidia, na ni afadhali ujue kabla.
3. Chukua mashine ya peke yake, weka mfumo wa uendeshaji mpya, mtupu, usiongeze chochote ambacho mwongozo haukuomba.
4. Kadi moja ya mtandao iwe ya usimamizi, ya pili ibebe VLAN za usajili na za karantini. Ukurasa wa msimamizi usionekane kutoka upande wa wageni hata kidogo.
5. Seva yenyewe, swichi, na kompyuta ya fundi visitegemee ruhusa ya NAC. Usijifungie nje ukiwa umeacha funguo ndani.
6. Anza kwa kutazama tu. Iache irekodi wiki mbili bila kumzuia mtu. Utashangaa utakavyoviona.
7. Washa kwa idara moja, kisha nyingine. Usiwashe ofisi nzima Jumatatu asubuhi.
8. Kompyuta za shirika zipewe vyeti. Anwani za MAC ziachie printa na wenzake, na wawe kwenye VLAN isiyofika kwenye hesabu. Simu za wageni usizihesabu kwa MAC, maana tangu Android 10 ya 2019 na iOS 14 ya 2020 simu hujibadilishia anwani hizo zenyewe.
9. Andika siku ya kusasisha kwenye kalenda, na siku ya kujaribu kurudisha nakala ya akiba.

Hakuna hata hatua moja hapo inayofanyika vizuri juu ya seva ya mishahara. Hatua ya tatu haiwezekani, ya nne inakuwa mzaha, ya tisa haitafanyika kamwe.

Neno kwa wenye mfuko, na neno kwa mafundi

Wewe unayetia saini hundi: ukimwambia fundi "weka hapo hapo," hujaokoa pesa. Umehamisha gharama kutoka kwenye bajeti ya mwaka huu ukaiweka kwenye siku usiyoijua, na siku hiyo haitakuuliza kama una fedha. Mkaguzi ataona NAC ipo, ataweka alama ya tiki, na wewe utalala ukiwa na mlango mmoja zaidi kuliko uliokuwa nao kabla.

Na wewe fundi mwenzangu: tumezoea kusema "sawa bosi" kisha kulalamika kwenye kahawa. Jambo hili likatae kwa maandishi. Andika barua pepe fupi, taja zile hoja tano, taja ni mashine gani unayoomba. Wakikataa, angalau ipo rekodi kwamba mlango huo hukuuacha wazi kwa kutojua.

Kama tayari unayo programu hii, nina zoezi kwako. Ukirudi ofisini Jumatatu, ingia kwenye seva inayoiendesha, utazame poti zote zinazosikiliza, na uandike kila moja ni ya kazi gani. Ukikuta hata moja isiyohusu mlango, anza na hiyo.